Lango la Kushoto

Kipande cha mwisho cha jibini ya kijivu kilichukuliwa na mkono uliopita juu ya bega la Burgi. Aligeuka akiwa tayari kwa ugomvi, akakutana na koti jekundu lenye msalaba mweupe kifuani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika soko la ndani kando ya mto Inn, na Innsbruck nzima imekuja kununua mkate, soseji na umbea. Kuvaa koti la timu ya skii ya Uswisi hapo kwenye ardhi ya Austria, mahasimu wao, ni uchokozi au ni wazimu.

"Kaka, kipande hicho nilikuwa nimeshakiona," alisema.

"Kuona si kununua, dada."

"Kwenu Uswisi mna milima mizima ya jibini. Hiki cha kwetu mnakitakia nini?"

"Nani kakwambia mimi Mswisi?" Lafudhi yake ilikuwa ya Tirol ndanindani, mkoa wa Innsbruck wenyewe, ileile ya wajomba zake Burgi. "Mimi mzaliwa wa Imst. Waswisi nawafundisha tu, mabinti wao wa skii."

"Basi afadhali ungekuwa Mswisi. Wewe ni msaliti."

Mwanamume alicheka mpaka mama wa duka la jibini naye akacheka. Alikuwa mrefu, amechomwa na jua la theluji usoni isipokuwa pale miwani inapokaa, na nywele zake zilikuwa hazijaona kitana tangu juzi.

"Na wewe ni Notburga Falkner," alisema akishusha sauti. "Unainua bega la kulia kabla ya kukata kona ya kushoto."

Burgi, kifupi cha Notburga kwa waliomjua, alikuwa ameshusha kofia yake ya sufu ya manjano mpaka kwenye nyusi makusudi, ili anunue vitu vyake kwa amani. Haikusaidia. Alianza kuteleza kwa skii kwenye theluji nyuma ya nyumba ya wageni ya mama yake kabla hajajua kufunga vifungo vya koti. Akashinda mbio za watoto, za mkoa, za taifa, kisha za Kombe la Dunia. Akavunjika goti la kulia, akashonwa, akarudi. Likakatika tena, akashonwa tena, akarudi tena, na msimu uleule akapanda jukwaani na kuimbiwa wimbo wa taifa. Mtu wa namna hiyo haambiwi habari za bega lake kwenye foleni ya jibini.

"Umeyajulia wapi hayo?"

"Ndiyo kazi yangu, kutazama wapinzani kwenye video."

"Na mpinzani huyu umemwonaje?"

"Kwenye video alikuwa na adabu zaidi."

Mama wa duka aliuliza kama akikate kipande katikati, maana foleni ilikuwa inafika mlangoni. "Usikikate," alisema yule mwanamume, na jina lake alilitoa hapohapo, Wendelin Rauth. "Tutakila pamoja, kwa siki na vitunguu. Akikataa, nakirudisha Uswisi."

Hakukataa.

Kuanzia hapo simu ya Burgi haikupumzika. Msimu wa mbio ukianza, timu zote hulala mji mmoja, hoteli tofauti, na wapenzi wanaoweza kuonana dirisha kwa dirisha hubaki kupigiana simu. Wendelin alimpigia kila jioni baada ya chakula.

"Bingwa wangu umekula nini?"

"Wali mkavu na kuku mkavu zaidi. Na wewe, msaliti wangu?"

"Viazi vya kukaanga na jibini. Waswisi wanajua kuishi."

"Usinitie tamaa. Nikinenepa nitakulaumu wewe."

"Nenepa tu, kipenzi. Mzito hushuka haraka."

Walikuwa na sharti moja tu: kwenye simu hawazungumzi malango, zile fito zinazosimikwa mlimani ili mchezaji apite kati yake. Njia ya mbio, barafu, skii gani inafaa, yote hayo yalikuwa mwiko, kwa sababu Burgi alikuwa wa Austria na mabinti wa Wendelin walitaka kumshinda. Mama yake Burgi, Bi Kreszenz, alipoambiwa habari za mchumba alikuwa anakanda unga. Aliuliza kwa utulivu:

"Mswisi?"

"Mtirol, mama. Anafundisha Waswisi."

"Hiyo ni mbaya zaidi," alisema Bi Kreszenz, akaendelea kukanda. Lakini Wendelin alipokuja Jumapili na kula madonge ya mkate sahani tatu bila kuombwa, aliitwa mwanangu kabla ya kahawa.

Siku moja ya Januari, katika mkahawa wa mjini wenye viti vya mahameli vilivyochakaa, Burgi alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia daktari wala kocha wake.

"Lile bega unaloliona si mazoea. Ni woga."

"Wa nini?"

"Kona ya kushoto, mzigo wote unakalia goti la kulia. Kukiwa peupe, sawa. Lakini mlima ukikatika, nisione lango lililo upande wa pili, na nijue liko kushoto, mwili wangu unajinyanyua wenyewe. Wote wanadhani ni mtindo wangu."

Wendelin hakumpa ushauri. Alimshika mkono juu ya meza, na vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi ya kushika fito. Burgi aliona amependwa, na alikuwa sahihi.

Mbio za mwisho za msimu zilifanyika Sankt Veronika, na safari hiyo Burgi alikuwa anaongoza. Mbio hizo akishinda, kombe la kioo la msimu lilikuwa lake, lile ambalo alilikosa mara mbili kwa sababu ya goti. Mbio ni raundi mbili, muda wake unajumlishwa, na njia ya kila raundi hupangwa na kocha wa nchi moja, kwa zamu na kura. Jioni ya kuamkia mbio simu ilipolia, Burgi alikuwa anasuka nywele.

"Kura imeniangukia mimi," alisema Wendelin. "Raundi ya pili naipanga mimi."

Burgi alicheka kwa furaha. "Basi nipangie barabara ya harusi, mpenzi."



"Burgi, tusizungumze tena mpaka kesho jioni."

"Unaniogopa?"

"Najiogopa mimi. Lala salama."

Burgi alijua Wendelin alikuwa na haki, na bado aliumia.

Kesho yake Burgi alishinda raundi ya kwanza kwa nusu sekunde nzima. Kabla ya raundi ya pili wachezaji huruhusiwa kushuka polepole kando ya malango ili waikariri njia. Utawaona wanasimama katikati ya mlima, wamefumba macho, mikono inapinda hewani, midomo inahesabu. Burgi alishuka akikariri vizuri mpaka alipofika pale mlima unapokatika. Hapo fito zilipotea. Alisogea ukingoni akachungulia. Lango lilikuwa chini, limevutwa mbali upande wa kushoto.

Wendelin alikuwa amesimama kando, mashine ya kutobolea barafu ya kusimikia fito begani. Burgi alimtazama mpaka akachoka. Wendelin aliangalia chini, akajifanya anakaza ufito.

Burgi alishuka wa mwisho, kama ilivyo ada kwa anayeongoza. Alipita lango la kushoto, akapita lingine, kisha skii ya nje ikamponyoka na akajikuta amelala ubavu akiutazama ubao wa saa. Hakuumia popote. Aliyeshinda alikuwa binti wa Uswisi, mwanafunzi wa Wendelin, na kombe la kioo likaenda naye.

Burgi alimkuta Wendelin kwenye maegesho ya magari, yeye mwenyewe bado na helmeti kichwani.

"Umeliuza goti langu," alisema.

"Burgi, nisikilize. Lile lango wewe ulili—"

"Usinifundishe. Nilikwambia wewe peke yako. Duniani kote, wewe peke yako. Lango lile limenitupa nje ya mstari, nikachelewa linalofuata, na wewe ulijua litanitupa."

"Sikiliza kwanza."

"Nilikuwa nakuita msaliti kwa utani," Burgi alisema. "Sasa lichukue jina lako, ni lako kabisa."

Aliondoka na gari la timu. Wiki hiyohiyo aliwatumia viongozi ujumbe mfupi kwamba ameacha mashindano. Kwetu Tirol mchezaji mkubwa haondoki hivyo. Mwanamke huvaa gauni la asili la Kitirol, anashuka mlima kwa mara ya mwisho taratibu, anasimama langoni kwa kila kocha aliyemfundisha, anakumbatiwa, ananyweshwa kikombe kidogo cha kileo cha peasi, na chini watu wanamwagia shampeni. Burgi hakutaka gauni wala shampeni. Wendelin alipiga simu mwezi mzima, kisha akanyamaza.

Miaka miwili ilipita. Burgi alifungua duka la viatu vya skii karibu na stesheni ya Innsbruck. Alipasha moto plastiki, akaifinyanga kwenye miguu ya watu mpaka kiatu kikakaa, na duka likapendwa kwa sababu mwenyewe alikuwa na maneno matamu na mikono mizuri. Mteja akimuuliza kuhusu Sankt Veronika, jibu lilikuwa lilelile: lilikuwepo lango baya la kushoto, likanitupa. Wateja wenye adabu walitikisa kichwa wakalipa. Hata mwenyewe alikuwa amelizoea jibu hilo, na video ya mbio zile hakuwahi kuitazama.

Jumapili moja ya Machi alifika kwa mama yake mapema kuliko kawaida. Mlangoni alisikia sauti ya mtangazaji ikilitaja jina lake kwa kupaza, akajua mara moja ni siku gani. Aliingia jikoni. Bi Kreszenz, aproni kiunoni na unga mpaka viwikoni, alikuwa amesimama mbele ya televisheni ndogo, akabonyeza rimoti kwa kidole cha shahada. Picha ikaganda.

"Mama, unafanya nini?"

"Natazama."

"Unatazama siku niliyoanguka?"

"Sitazami ulivyoanguka. Natazama mpaka hapa, kisha nazima. Kila Jumapili kabla ya kupika. Mpaka hapa wewe ndiye bingwa, basi na mimi nakoroga supu yangu kwa raha."

Burgi aliangalia kioo. Pale mama aliposimamisha, yeye mwenyewe alikuwa ameshatoka kwenye lango la kushoto, chini, amejikunja, goti la kulia limebeba mlima mzima na bega limetulia mahali pake. Pembeni namba ilikuwa ya kijani, rangi ya anayeongoza. Hakuchelewa. Alitoka pale akiwa mbele kuliko alivyoingia.

"Iachie iendelee," alisema.

"Mwanangu, utajiumiza bure."

"Iachie, mama."

Lango lililofuata lilikuwa jepesi, kona ya kulia, peupe. Hata mtoto wa shule angelipita. Na Burgi wa kwenye televisheni, kabla ya kulifikia, alinyooka. Alisimama wima mabega yakiwa yamelegea, akaonekana mtu aliyekwisha kufika nyumbani. Alilipita hivyohivyo, skii ya nje ikakosa uzito, na kwenye lango la mbele yake ikamponyoka.

"Ulisimama," alisema Bi Kreszenz taratibu. "Mimi nilidhani unajua."

Burgi alivuta kiti akaketi. Yote yalimrudia, si kama alivyokuwa akiyasimulia dukani. Alikumbuka alivyotua upande wa pili wa ukingo akakuta goti limeshika. Alikumbuka furaha iliyompanda kifuani. Na alikumbuka alichokuwa akikiwaza pale aliponyooka: jioni nitampigia simu Wendelin, nitamwambia, umeona, nimelipita. Alikuwa ameshaianza simu hiyo kichwani. Mlima ulikuwa bado haujaisha.

Aliona aibu, aibu ya kweli, inayowasha masikio. Halafu akaona hamu, kubwa kuliko aibu.

"Namba yake unayo?" aliuliza mama.

"Sikuwahi kuifuta."

"Basi nenda ukapigie nje. Nikisikiliza nitaunguza madonge."

Simu iliita kwa muda mrefu. Burgi alisimama uani katika theluji inayoyeyuka, na viatu vya mjini vikalowa.

"Burgi?" Sauti ilikuwa ileile.

"Nimetazama video."

"Leo?"

"Leo. Lango lako nililipita."

"Ulilipita vizuri kuliko binti yeyote siku ile. Ndilo nililokuwa nakwambia kwenye maegesho. Hukuniachia hata sentensi moja imalizike."

"Na ulipoona nimesimama?"

"Nilitupa mashine yangu ya kutobolea kwenye theluji. Waswisi walidhani nashangilia."

Burgi alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Niambie kwa nini uliliweka kushoto. Niambie kweli, hata ikiniuma."

"Kulia kulikuwa na barafu tupu na wavu uko karibu. Ningelipeleka kulia, ningekupa wewe kombe, halafu nimpeleke mtoto wa mwenzangu hospitali. Nilisimama pale muda mrefu, Burgi. Nilijiuliza, ataweza? Nikajijibu, ataweza kuliko wote. Ndipo nikatoboa."

"Na mimi nilitaka unipendelee," alisema Burgi. "Hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka udanganye kidogo kwa ajili yangu, na hukudanganya. Nisamehe."

"Nimeshasamehe zamani. Nilikuwa nasubiri unipigie tu."

"Miaka miwili?"

"Mimi kocha. Kazi yangu kusimama kwenye baridi na kusubiri."

"Bado unawafundisha hao Waswisi wako?"

"Bado."

"Vizuri, msaliti," alisema, na neno lile likarudi kuwa tamu kinywani. "Mwezi ujao klabu yetu inafunga msimu kwenye mlima Patscherkofel. Wananiomba kila mwaka nishuke mteremko wangu wa kuaga. Safari hii nitashuka. Uje unipangie njia. Na usinionee huruma."

Siku hiyo jua liliwaka, na kutoka juu ya Patscherkofel mji wa Innsbruck ulionekana wote, mto, reli na paa za soko. Burgi alivaa gauni la mama yake, bluu iliyokolea, aproni ya waridi, mikono mifupi ya blauzi nyeupe iliyojaa upepo, na chini yake viatu vizito vya mbio. Nywele alizisuka na kuzizungusha kichwani. Kando ya malango walipangana makocha wote wa maisha yake, kuanzia mzee aliyemfundisha akiwa bado mdomoni hana meno ya mbele.

Alishuka. Kwa mzee akasimama, akakumbatiwa, akanywa. Kwa kocha wa mkoa akasimama, akanywa. Kwa mama yake, aliyeletwa juu kwa kiti cha nyaya akishika pochi kwa nguvu, akasimama muda mrefu. Kisha mlima ukakatika, na fito hazikuonekana. Alijua bila kuambiwa kwamba lango liko kushoto, na chini yake amesimama mwanamume mwenye koti jekundu.

Alijikunja akaliacha goti lifanye kazi yake. Gauni lilipeperuka na bega likatulia. Upande wa pili Wendelin alikuwa amefungua mikono, kikombe kidogo cha peasi kwenye mkono mmoja, na kitu kidogo zaidi ndani ya ngumi ya mkono wa pili.

Burgi hakusimama. Alimpita karibu kiasi cha kumrushia theluji kifuani, akalala kwenye kona ya kulia, akaendelea kushuka amejikunja, lango kwa lango. Watu wakaguna. Bi Kreszenz alisikika akiuliza, sasa huyu mtoto kaenda wapi. Wendelin alibaki na mikono yake wazi.

Alivuka mstari wa mwisho akiwa bado amejikunja. Ndipo aliponyooka. Hakungoja shampeni. Alifungua skii, akaziacha pale, akainua gauni kwa mikono miwili, akaanza kuupanda mlima kwa miguu na viatu vile vizito, huku watu wakimpisha na kumpigia makofi. Alifika kwenye lango la kushoto akihema, mashavu mekundu, msuko mmoja umefunguka.

"Umenipita," alisema Wendelin. "Kila mtu umesimama kwake, mimi umenipita."

"Safari ile nilikuwaza wewe kabla sijafika," Burgi alisema. "Leo nilitaka nifike kwanza. Sasa nimemaliza. Fungua huo mkono mwingine, uniulize."

Wendelin alipiga goti moja kwenye theluji ya Aprili, iliyokuwa imelainika kwa jua, akazama mpaka pajani. Ikabidi Burgi amvute kwa mikono yote miwili, na ndivyo pete iliyokuwa ndani ya ngumi ilivyoingia kidoleni mwa Burgi, swali likiwa bado halijaulizwa.

"Uliza hivyohivyo," alisema Burgi. "Mama yuko ukingoni, anataka kusikia."